Fimbo, Tundu la Bati na Chungwa: Lipime Jua na Sayari Ukiwa Kilosa au Mikumi

Simu yako ikionyesha saa sita kamili mchana, uwe stesheni ya Kilosa au kwenye maegesho ya malori Mikumi, Jua huwa bado halijafika kileleni. Kwa wastani linachelewa dakika 32. Saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, na huku kwetu ni nyuzi 37. Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika nne, kwa hiyo nyuzi nane za tofauti ndizo dakika hizo 32. Saa zetu zinafuata Jua la Wasomali.

Usiliamini hili kwa sababu tu limechapishwa. Simika fimbo uani ujionee. Wengi wetu shuleni tulikariri majina ya sayari nane kwa mpangilio, tukajibu mtihani, tukayasahau. Mwongozo huu unakwenda njia nyingine: unapima kwanza, maelezo yanafuata. Vipimo vyote vinafanyika nyumbani, na mwalimu anaweza kuvifanya na darasa zima bila maabara.

Kwa nini tuanze na mwanga

Sayari hazina mwanga wa kwao. Zuhura unayoiona iking'aa jioni upande wa magharibi, juu ya milima ya Rubeho, inaurudisha tu mwanga wa Jua. Karibu kila tunachokijua kuhusu sayari kilitufikia kwa njia hiyo. Vyombo vilivyotumwa huko na mawe yaliyoanguka toka angani vimeongezea baadaye. Na nishati nayo ni hadithi ileile. Ugali uliokula, mkaa ulioupikia, hata umeme wa maji wa Kidatu, vyote vilianza kama mwanga wa Jua. Ukiuelewa mwanga, nusu ya somo la sayari umeshaimaliza.

Vifaa

☐ Fimbo iliyonyooka, mita 1 juu ya ardhi
☐ Uzi wenye nati mwishoni (timazi)
☐ Tepu ya fundi au rula ndefu
☐ Karatasi ngumu na karatasi nyeupe
☐ Simu yenye tochi na kikokotoo
☐ Makopo matatu ya ukubwa mmoja
☐ Chungwa, choroko, njugu mawe na mbegu za mchicha
☐ Binokula, ukipata za kuazima. Waongoza watalii wa Mikumi wanazo za kuangalilia wanyama, nazo zinatosha kabisa.

ANGALIZO: MACHO KWANZA

Usilitazame Jua moja kwa moja, wala kupitia picha ya eksirei, sidii, miwani ya jua au kioo kilichopakwa masizi. Vitu hivyo hupunguza ukali, lakini hupitisha mionzi isiyoonekana ambayo huchoma sehemu ya nyuma ya jicho. Sehemu hiyo haihisi maumivu, kwa hiyo unaweza kuumia na usijue hadi kesho yake. Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14 tu. Namba 10 na 11 hazitoshi. Binokula ikielekezwa kwenye Jua hupofusha papo hapo. Ukiwa na watoto, ifungie ndani mchana.

KIPIMO CHA 1: Fimbo na kivuli

1. Chagua mahali tambarare pasipo kivuli cha nyumba wala mti. Simika fimbo. Hakikisha kwa timazi, pande mbili, kwamba imesimama wima.
2. Kuanzia saa sita mchana, weka alama (kijiwe au msumari) penye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10. Andika saa pembeni.
3. Endelea hadi saa saba na robo.
4. Tafuta alama iliyo karibu zaidi na fimbo. Saa uliyoandika hapo ndiyo adhuhuri ya kweli ya kwenu. Mstari toka kwenye fimbo hadi alama hiyo ni kaskazini–kusini halisi; uchimbie kigingi, utauhitaji baadaye.

Katikati ya Februari utaipata adhuhuri kwenye saa sita na dakika 46 hivi. Mwanzoni mwa Novemba, saa sita na dakika 16. Saa haijaharibika. Njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili na mhimili wake umelala nyuzi 23.4, basi siku ya Jua wakati mwingine hurefuka, wakati mwingine hufupika kidogo, na tofauti hujikusanya.

Urefu wa kivuli ndio unaosema zaidi. Kwa fimbo ya mita 1 mjini Kilosa:

• Juni 21: kivuli cha sentimita 58, kimeelekea kusini, kwa kuwa Jua liko kaskazini.
• Desemba 21: sentimita 30, kimeelekea kaskazini.
• Machi 3, na Oktoba 10 au 11: hakuna kivuli. Jua liko utosini kabisa.

Kwa Mikumi, iliyo kusini zaidi, siku ya kukosa kivuli hutangulia kwa siku moja au mbili mwezi Machi, na huchelewa kwa kiasi hichohicho Oktoba. Machi mawingu ya masika yanaweza kukunyima. Oktoba ndiyo ya kuitegemea, ingawa moshi wa kuchoma mashamba huwa mwingi. Moshi wenyewe ni somo: mwanga wa buluu hutawanywa kirahisi kuliko mwekundu, ndiyo maana Jua la jioni la Oktoba linakuwa jekundu kupita kawaida.

Hesabu sasa. Toka Machi 3 hadi Oktoba 10 ni siku 221. Muda wote huo Jua la adhuhuri linapita kaskazini ya Kilosa. Siku 144 zinazobaki linapita kusini. Kumbuka tarakimu hizo tutakapofika kwenye paneli ya sola.

Makosa ya kawaida: fimbo iliyoegama kidogo (kosa la kwanza kwa wanaoanza), kupima kivuli kwenye mteremko, na kuacha kupima saa sita juu ya alama ukidhani umemaliza. Ncha ya kivuli nayo huwa na ukungu, haina ukingo mkali, kwa sababu Jua lina upana. Dawa yake ni kubandika juu ya fimbo kipande cha karatasi ngumu chenye tundu dogo, kisha upime mpaka katikati ya doa la mwanga badala ya ncha. Urefu wa fimbo utauhesabu toka ardhini hadi kwenye tundu.

KIPIMO CHA 2: Kuipima Dunia na ndugu wa Arusha

Una ndugu au rafiki Arusha? Arusha iko karibu kaskazini kabisa ya Kilosa. Tofauti ya longitudo ni ndogo, kwa hiyo adhuhuri yenu inalingana. Hilo ni bahati. Mgiriki Eratosthenes alifanya kazi hii Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwa kutumia miji miwili ambayo haikulingana vizuri hivyo.

1. Kubalianeni siku moja, mkiwa na fimbo za urefu uleule. Juni inafaa, mvua zimekwisha.
2. Kila mmoja apime kivuli kifupi kuliko vyote cha siku hiyo.
3. Gawanya kivuli kwa urefu wa fimbo. Kwenye kikokotoo tafuta pembe (kitufe cha tan⁻¹). Ukikosa kitufe hicho, chora pembetatu kwa kipimo na utumie kipimapembe cha mkebe wa hesabu.
4. Toa pembe ya Arusha kwenye pembe ya Kilosa.
5. Umbali wa moja kwa moja kati ya miji hiyo ni kilomita 385 hivi. Zidisha kwa 360, gawa kwa tofauti ya pembe.

Juni 21 Kilosa inatoa sentimita 58.4, yaani nyuzi 30.3, Arusha sentimita 50.5, nyuzi 26.8. Tofauti ni kama nyuzi 3.5. Jibu linakuja karibu kilomita 40,000, na huo ndio mzingo wa Dunia. Usishangae ukipata 35,000 au 46,000: kosa la nusu nyuzi tu linatosha kukupotosha hivyo. Rudieni siku tatu mchukue wastani. Na msitumie kilomita za basi, maana barabara haiendi kama kunguru.

KIPIMO CHA 3: Tundu la bati

Nyumba nyingi za bati zina tundu la msumari uliong'oka. Mchana linaangusha doa la mwanga sakafuni. Liangalie doa hilo vizuri. Tundu la msumari limepasuka, lina pembe, wakati mwingine ni mstari tu. Doa ni la mviringo. Huo mviringo si umbo la tundu. Ni picha ya Jua. Madoa yaliyo chini ya mwembe ni vivyo hivyo, majani yakiwa yameacha matundu ya kila umbo.

Hakikisha: toboa tundu la pembetatu lenye upana wa milimita 3 kwenye karatasi ngumu. Liweke juani, karatasi nyeupe ikiwa sentimita 5 nyuma yake. Utaona pembetatu. Isogeze mbali pole pole hadi mita 2. Pembetatu itayeyuka, mduara utatokea.

Sasa upime upana wa Jua lenyewe:

1. Ndani ya chumba cheusi, pata tundu lenye mwanga. Kama bati lenu ni zima, usilitoboe kwa ajili ya sayansi! Ziba dirisha kwa boksi na utoboe boksi.
2. Shika karatasi nyeupe uigeuze hadi doa liwe mduara kamili. Likiwa yai, karatasi haijaukabili mwanga sawasawa.
3. Pima umbali toka kwenye tundu hadi kwenye karatasi kwa kuufuata mwanga ulivyolala. Usichungulie tunduni.
4. Pima upana wa doa, kisha utoe upana wa tundu.
5. Gawanya jibu kwa umbali. Zidisha kwa kilomita 150,000,000, ambao ndio umbali wa Jua.

Mfano: umbali mita 3, doa milimita 31, tundu milimita 3. Inabaki 28. Ukigawa 28 kwa 3,000 na kuzidisha, unapata kilomita milioni 1.4. Vitabu vinasema milioni 1.39. Kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,740 hivi. Zinaingia Dunia 109 zikipangwa mstari mmoja toka ukingo hadi ukingo wa Jua. Yote haya kwa tundu la msumari.

Mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawa milioni 150 kwa hizo: sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Doa lililo sakafuni liliondoka kwenye Jua kabla hujaanza kulitafuta.

Jua likipatwa, doa nalo linamegwa, na hii ndiyo njia salama kuliko zote ya kulitazama. Septemba 1, 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuona Jua likigeuka pete. Huku Kilosa lilimegwa sehemu tu, na mwenye bati bovu aliweza kuliona sakafuni kwake.

Neno moja kabla hatujaliacha hili. Mwanga tunaouona ni sehemu ndogo ya mwanga uliopo. Eksirei za nyota hazipenyi hewa yetu, lazima upande juu kuzifuata, na satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi hiyo ilirushwa Desemba 12, 1970 toka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na satelaiti ikapewa jina Uhuru.

KIPIMO CHA 4: Kwa nini Mshtarii (Jupita) ni baridi

Fanya usiku, taa zimezimwa.

1. Kata tundu la mraba, sentimita 1 kwa 1, kwenye karatasi ngumu.
2. Iweke sentimita 20 mbele ya tochi ya simu.
3. Weka daftari la hesabu sentimita 40 toka kwenye tochi. Hesabu eneo lililopata mwanga: sentimita 2 kwa 2, yaani 4.
4. Lisogeze hadi sentimita 60: sasa ni 3 kwa 3, yaani 9.

Mwanga ni uleule, umeenea eneo kubwa zaidi. Umbali ukiwa mara mbili, kila sehemu inapata robo. Ukiwa mara tatu, moja ya tisa. Kanuni hii inakupa mwanga wa kila sayari bila kutoka nyumbani.

MWANGA UNAOFIKA, DUNIA IKIHESABIWA 1

Utaridi: 6.7
Zuhura: 1.9
Dunia: 1
Mirihi: 0.43
Mshtarii (Jupita): 1/27
Zohali: 1/92
Uranus: 1/369
Neptuni: 1/904

Chombo cha Juno kilichofika Mshtarii Julai 2016 kinatumia sola. Paneli ambazo karibu na Dunia zingetoa kilowati 14 hivi, kule zinatoa wati 500 tu.

Lakini orodha hiyo ina mtego. Utaridi inapata mwanga mwingi kuliko Zuhura, ila Zuhura ndiyo yenye joto kali zaidi, nyuzi 460 hivi za Selsiasi mchana na usiku. Jibu liko kwenye makopo, tutayafikia.

KIPIMO CHA 5: Chungwa na choroko

Michoro ya ukutani inazipanga sayari zikikaribiana kama abiria wa daladala. Haina budi, ukurasa ni mdogo. Lakini inamwachia mtoto picha potofu, na dawa ni kutoka nje kwenye barabara iliyonyooka yenye mita 330. Mbali na barabara kuu ya malori, tafadhali.

Jua liwe chungwa la sentimita 10. Tembea toka hapo:

• Mita 4: Utaridi, punje ya mchanga
• Mita 8: Zuhura, mbegu ya mchicha
• Mita 11: Dunia, mbegu ya mchicha
• Mita 16: Mirihi, nusu ya mbegu hiyo
• Mita 56: Mshtarii, njugu mawe
• Mita 103: Zohali, njugu mawe ndogo kidogo
• Mita 207: Uranus, choroko
• Mita 324: Neptuni, choroko

Gundi kila punje kwenye karatasi yenye jina, la sivyo mtazitafuta majanini hadi jioni. Acha watoto watembee bila haraka. Mwendo mrefu toka Mirihi hadi Mshtarii, usio na sayari yoyote njiani, unawafundisha kuliko hotuba. Na nyota ya jirani, iliyo karibu kuliko zote baada ya Jua? Kwa kipimo hiki iko kilomita 2,900 toka Kilosa. Ukienda kaskazini moja kwa moja, ni karibu na Port Sudan.

NISHATI: makopo, Kidatu na paneli

Chukua makopo matatu. La kwanza lisugue ling'ae. La pili na la tatu yapake masizi ya kibatari nje. Mimina nusu lita ya maji ya joto moja kwa kila kopo, yafunike, yaweke juu ya ubao (si ardhini, maana ardhi ina joto lake) toka saa tano hadi saa saba mchana. La tatu lifunike lote kwa mfuko wa nailoni unaoonyesha.

Kama huna kipimajoto, kidole kinatosha kupanga la kwanza hadi la tatu. Usitumie kipimajoto cha homa. Kinaishia nyuzi 42 na kinaweza kupasuka.

Kopo linalong'aa linaurudisha mwanga. Lenye masizi linaumeza na kuugeuza joto. La tatu linatangulia kwa sababu nailoni imezuia upepo usiondoke na joto lake. Zuhura nayo haiachi joto litoke, ila kwa njia nyingine: hewa yake nzito ya kabonidioksidi inapitisha sehemu ya mwanga wa Jua, kisha inayameza mawimbi ya joto yanayotaka kurudi angani na kuyarudisha chini. Vitabu vingine huyaeleza haya mawili kama jambo moja. Si sahihi sana, lakini matokeo yanafanana. Hata Dunia inahitaji kidogo ya hali hiyo. Pasipo gesi hizo wastani wa joto letu ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya 15 juu yake.

Nguvu ya Jua ni kiasi gani hasa? Adhuhuri ya anga safi, mita moja ya mraba inapokea wati 1,000 hivi. Mitambo ya Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu, njia ya kwenda Ifakara, ina uwezo wa megawati 204. Gawanya: mita za mraba 204,000, yaani ekari 50. Shamba la mkonge la ekari 50 hapa Kilosa, saa ya adhuhuri, linapigwa na nguvu sawa na Kidatu ikiwashwa yote. Na maji yanayozungusha mitambo ile yalipandishwa mawinguni na Jua hilohilo.

Sasa paneli yako. Mafundi wengi huilaza sambamba na bati, bati lielekee popote. Rudi kwenye zile siku 221.

1. Ielekeze kaskazini, kwa kufuata ule mstari wa kigingi.
2. Inamishe nyuzi 10 hadi 15. Ikilala kabisa, vumbi la kiangazi halisombwi na mvua.
3. Acha nafasi ya sentimita kadhaa kati yake na bati ili upepo upite. Paneli ikipata moto hutoa umeme pungufu. Inapenda mwanga, haipendi joto.
4. Kivuli cha tawi moja au antena kikiangukia pembeni mwa paneli kinaweza kupunguza umeme wote, si sehemu hiyo tu. Kagua saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, si adhuhuri peke yake.

HESABU YA NYUMBA

Taa 3 za wati 5, saa 5: 75
Runinga ndogo ya wati 30, saa 4: 120
Kuchaji simu mbili: 25
Jumla: wati-saa 220 kwa siku

Chukulia saa 4 tu za Jua kali kwa siku, kwa ajili ya masika, na kwamba asilimia 30 hupotea kwenye waya, vumbi na betri. 220 ÷ (4 × 0.7) = wati 79. Nunua paneli ya wati 100. Kwa akiba ya siku mbili: 220 × 2 ÷ volti 12 = ampea-saa (Ah) 37, na betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo Ah 80. Mwuzaji akikuambia inveta kubwa itakuongezea umeme, ondoka dukani. Inveta inabadilisha umeme, haizalishi.

USIKU: kuzitafuta sayari

Kwa walio Mikumi na vijiji vinavyopakana na hifadhi: tazama ukiwa uani, ndani ya uzio. Tembo hutoka usiku kufuata mazao, na mtu aliyeinua shingo juu haoni kilicho mbele yake. Kila mtu avae viatu, nyoka wapo.

1. Kaa gizani dakika 20 bila kuwasha simu.
2. Tafuta kwenye njia ileile ya Jua la mchana. Sayari hazitoki kwenye njia hiyo, na kwetu inapita juu sana, mashariki hadi magharibi. Kusini chini hutaipata hata moja.
3. Nyota humetameta, sayari hutulia. Nyeupe kali ya magharibi jioni, au mashariki alfajiri, ni Zuhura. Yenye wekundu uliotulia ni Mirihi.
4. Elekeza binokula kwa Mshtarii, viwiko vikiegemea ukuta. Utaona vinukta hadi vinne vimejipanga mstari, ndiyo miezi yake: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Vichore na uandike saa. Kesho utakuta vimehama.

Galileo aliviona Januari 1610 kwa darubini isiyozishinda binokula zako kwa mbali. Mwaka 1676 mtaalamu wa nyota Ole Rømer alikuta kupatwa kwa Io kunachelewa Dunia ikiwa mbali na Mshtarii, akatambua kwamba mwanga nao huchukua muda kusafiri. Pete za Zohali, kinyume cha wanavyoahidi wauza vifaa, hutaziona kwa binokula. Zinataka darubini ya kukuza mara 25 au zaidi.

UKIOKOTA JIWE LA AJABU

Ukiifuata barabara ya Tanzam toka Mikumi kupita Iringa na Mbeya, unafika Mbozi, kwenye kimondo cha chuma kinachokadiriwa kuwa na tani 16. Mkoani Songwe hukohuko, Ivuna, kilianguka kimondo Desemba 16, 1938. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, gramu 705, lakini ni cha aina adimu sana: ukiacha gesi nyepesi, mchanganyiko wake unakaribia kuwa sawa na wa Jua. Japani ilipoleta udongo wa asteroidi Ryugu mwaka 2020, wataalamu walikuta unafanana na mawe ya kundi la Ivuna.

☐ Ni zito kuliko mawe ya ukubwa wake?
☐ Linavuta sumaku?
☐ Lina ganda jembamba jeusi, ndani rangi tofauti?
☐ Halina matundu kama sponji? (Lenye matundu mara nyingi ni mavi ya chuma.)

Kilosa ina reli ya zaidi ya miaka mia, na mabonge ya chuma na makaa yaliyoungua yako kila mahali kando yake. Mengi yanayodhaniwa vimondo ni hayo. Likipita maswali yote manne, usilipasue, usilioshe, piga picha pale ulipolikuta, kisha wapelekee taarifa GST, taasisi ya jiolojia iliyoko Dodoma.

TAREHE ZA KUANZIA

• Hadi mwanzoni mwa Oktoba 2026: Zuhura jioni, magharibi. Kuanzia Novemba itafute alfajiri.
• Oktoba 4, 2026: Zohali iko kinyume cha Jua, inaonekana usiku kucha.
• Oktoba 10 au 11, kila mwaka: fimbo ya Kilosa haina kivuli, saa sita na dakika 19 hivi.
• Februari 2027: Mshtarii (karibu na tarehe 10) na Mirihi (tarehe 19) zinang'aa usiku kucha. Azima binokula mapema.
• Juni 21: mpigie wa Arusha.
• Agosti 2, 2027, mchana: Jua litapatwa lote Luxor na Makka, huku kwetu litamegwa sehemu. Usizibe tundu la bati kabla ya siku hiyo.